Katikati Kuna "Na"

Kaa hapo kwenye kigoda, mjukuu wangu. Usiogope. Ningekuwa na nia ya kukuchapa ningekuchapa kule stendi, wakati hasira bado ina moto. Sasa imepoa, nami nimechoka. Magoti yananiuma kwa kukalia kiti cha basi kilichopasuka tangu mchana, na bibi yako, huyo mke wetu, anasonga ugali huko jikoni. Mpaka uive nina maneno. Nitayasema polepole, kwa sababu kwa umri wangu mtu akiyasema haraka huyasahau njiani.

Leo nimeitwa shuleni kwenu kwa barua. Baba yako yuko Dar es Salaam, hakupata ruhusa kazini, basi babu akavaa koti. Nilifika langoni saa nne. Mlinzi akaniamkia vizuri, akaniambia mwalimu wa nidhamu yuko darasani, nisubiri. Nikakaa kwenye benchi lake. Juu ya kichwa changu kulikuwa na lile tao la saruji lenye maandishi ya buluu: ORA ET LABORA. Nikamuuliza yule kijana, "Haya maneno maana yake nini, mwanangu?" Akayatazama kama mtu anayeona bango jipya. Akasema, "Mzee, hao walikuwa masista wawili walioanzisha shule. Ora, na mwenzake Labora."

Sikumcheka. Analala chini ya maneno hayo kila usiku na hakuna aliyewahi kumwambia. Kosa si lake.

Kisha mwalimu akaja, tukaingia ofisini, akanisomea makosa yako. Kwamba ulipopewa fyekeo Ijumaa ulilitupa kwenye majani, ukasema umekuja kusoma, hukuja kufyeka, na ada yako imelipwa yote. Kwamba wiki tatu mfululizo huonekani darasani wakati wenzako wanajisomea usiku, na ukiulizwa unasema ulikuwa kwenye maombi. Umesimamishwa wiki moja. Nikakuuliza mbele yake kilichoandikwa kwenye nembo ya shati lako, hapo juu ya moyo. Ukasema, "Ni Kilatini, babu." Nikasema najua ni Kilatini, kinasemaje? Ukasema, "Sala na Kazi." Nikakuuliza, basi? Ukatazama viatu vyako.

Hilo "basi?" ndilo nililolibeba kwenye basi mpaka hapa. Ngoja tulifungue.

Tuanze na lugha yenyewe. "Sala na Kazi" ni tafsiri inayopendeza ubaoni, lakini ina ujanja ndani yake. Sala ni jina, kazi ni jina. Kitu chenye jina unaweza kukiweka kabatini ukafunga kufuli. Kilatini hakikusema hivyo. Ora ni amri: sali. Labora ni amri: fanya kazi. Na Kilatini, kama Kiswahili chetu, kina amri ya mtu mmoja na amri ya wengi. Wangetaka kusema na kidato kizima wangeandika orate, kama sisi tunavyosema salini. Hawakuandika hivyo. Wanasema na mmoja. Kila apitaye chini ya lile tao anaambiwa yeye peke yake: mwalimu mkuu, mpishi, mlinzi, na wewe. Huwezi kujificha nyuma ya mwenzako ukadai ameitwa yeye.

Warumi wa kale waliposema orare hawakuwa na maana ya kufumba macho tu. Lilikuwa neno la kunena, kusihi, kutetea shauri mbele ya mwamuzi. Na labor haikuwa kazi ya kiti na meza; ilikuwa kazi ya jasho, na neno hilohilo lilibeba maana ya taabu. Kwa hiyo ukitaka kuyasikia maneno yale kwa uzito wake: sihi, kisha utoke jasho.

Na lipo neno la tatu, dogo, ambalo hakuna anayelitazama. Et. Sisi tunalo: na. Tena letu ni tajiri kuliko lao, maana kwetu "na" huunganisha na pia huambatanisha. Mtu akisema "nina mtoto" amesema yuko pamoja na mtoto. Kwetu kumiliki kitu ni kuwa nacho. Wazee wa TANU walipokwenda vijijini na "Uhuru na Kazi", hawakuwa wakitaja vitu viwili vya kuchagua kimoja. Fundi akipumzika kivulini anasema "kazi na dawa". Hakuacha kazi, amepumzika ndani yake. Mimi leo nakufundisha hiyo "na". Mengine unayajua.

Sasa historia, maana mti usioujua mizizi yake utaukata ukidhani ni kuni.

Watu hudhani maneno yale yaliandikwa na Mtakatifu Benedikto mwenyewe. Hapana. Benedikto alizaliwa Nursia, Italia, karibu mwaka 480, wakati dola ya Roma ya magharibi imekwisha kuanguka. Aliishi pangoni Subiaco, kisha akajenga monasteri juu ya kilima cha Monte Cassino, akaandika Kanuni yenye sura 73. Uipekue yote, ora et labora huikuti. Ni maneno ya baadaye. Sifa zake zilienea hasa katika karne ya 19, kwenye abasia ya Beuron kule Ujerumani, ambako Abate Maurus Wolter aliyatia katika kitabu chake cha mwaka 1880 kama wito wa kale wa wamonaki. Kutoka Beuron hiyohiyo alitoka Mswisi mmoja, Andreas Amrhein, aliyeanzisha mwaka 1884 shirika la wamonaki wamisionari linaloitwa leo la Mtakatifu Ottilia. Na mwaka 1888 watu wa Amrhein wakashuka pwani yetu, wakapanda kilima cha Pugu, nje ya Dar es Salaam. Ndiyo njia iliyoyafikisha maneno yale mpaka kwenye shati lako.

Mimi sikuyajua hayo kwenye kitabu. Niliyasikia kwanza katika karakana, miaka ya sitini mwanzoni, nikiwa mdogo kuliko wewe.

Tulikuwa na Bruda mmoja Mjerumani, seremala, mkono wake wa kushoto hauna ncha ya kidole cha pete. Karakana yake ilinukia mninga mpaka leo nikipita kwa fundi wa vitanda moyo unarudi kule. Kila chombo kilikuwa na kivuli chake kilichochorwa ukutani: msumeno hapa, timazi pale, patasi sita kwa ukubwa wake. Jioni kivuli kikibaki kitupu hatuondoki. Saa sita mchana kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, Bruda alikuwa anaacha pale alipofika, hata kama randa iko katikati ya ubao. Lakini hakuibwaga. Aliilaza ubavuni, taratibu, makali yasiguse meza. Akasali. Akimaliza anapuliza vumbi la mbao, anaiinua randa, anaendelea kutoka palepale, na ule unyoya wa mbao unatoka mmoja, mrefu, kama hakuwahi kusimama.

Siku moja niliisahau patasi nje, juu ya gogo, na usiku ikanyesha. Asubuhi ilikuwa nyekundu kwa kutu. Nilikwenda kwake nikiwa nimekwisha kukaza makalio. Bruda akaitazama, akatoa jiwe la kunolea na mafuta, akanionyesha nikae. Kisha akachukua patasi nyingine, nzima, isiyo na kosa lolote, akakaa karibu nami akaanza kuinoa. Tukanoa wote wawili. Kwa Kiswahili chake cha kukatakata akanihadithia.

Alisema Papa Gregori Mkuu, alipoandika maisha ya Benedikto miaka ya 590, alieleza habari za Mgothi mmoja. Wagothi walikuwa wageni kwa Waitalia, watu wa vita, wanaodharauliwa kuwa washenzi. Huyu alikuwa amejiunga na watawa, maskini wa roho, na Benedikto akampa chombo cha kufyekea miiba kando ya ziwa ili wapande bustani. Yule Mgothi akafyeka kwa nguvu zake zote mpaka chuma kikachomoka kwenye mpini kikaruka kikazama ziwani, mahali pa kina kirefu. Akakimbia kutubu, anatetemeka. Benedikto alipopata habari akaenda ukingoni, akautwaa ule mpini mtupu kwa yule mtu, akauchovya majini. Chuma kikapanda kutoka chini, kikarudi mahali pake. Akampa chombo chake, akamwambia afanye kazi wala asihuzunike.

Unaona, mjukuu wangu, ni fyekeo. Tangu Italia ya karne ya sita mpaka kwenye fomu yako ya kujiunga na kidato, palipoandikwa jembe, fyekeo, ndoo, ufagio wa chelewa na rimu ya karatasi, chombo ni kilekile. Na mwisho wa hadithi ile si muujiza wa chuma kuelea. Mwisho wake ni kwamba mtu aliyeogopa amerudishiwa chombo mkononi na huzuni imeondolewa.

Baadaye, nilipokuwa mwalimu, niliisoma Kanuni yenyewe nikaona kwamba Bruda hakubuni kitu. Imeandikwa mle kwamba msimamizi wa ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe, sufuria, ndoo, kama kikombe cha misa! Imeandikwa kwamba abate awe na orodha ya zana, ajue anachotoa na anachopokea. Wapishi walikuwa wanapokezana kwa zamu ya wiki. Jumapili anayetoka na anayeingia wanaombewa na wenzao wote kanisani, na siku moja kabla yake anayetoka huwa amerudisha vyombo safi na vizima, naye pamoja na anayeingia wameosha miguu ya ndugu. Zamu ya jikoni inafunguliwa kwa sala! Na ndugu walio mbali shambani, saa ya sala ikifika, hawalazimishwi kukimbilia kanisani. Wanapiga magoti palepale wanapolima.

Hapo ndipo iliko "na". Haikuwekwa ili siku igawanywe, huku upande wa Mungu na kule upande wa jembe. Iliwekwa ili jembe lisali na sala ilime.

Na usidhani kusoma kumesahauliwa. Kanuni imepanga saa za kusoma kila siku. Wakati wa Kwaresima kila ndugu anapewa kitabu akisome chote, tangu mwanzo hadi mwisho, na wazee mmoja au wawili wanazunguka kuona kama kuna anayezembea au kupiga soga. Mwalimu wako wa zamu anayepita na tochi usiku hakuanza jana. Nyumba nyingine huongeza neno la tatu kwenye wito: lege, soma. Kwa hiyo uliposema umekuja kusoma, hukuja kufyeka, ulidhani unamtoroka Benedikto. Umemkuta amekaa ndani ya darasa anakusubiri.

Sasa nikupeleke mahali penye maumivu, maana sitaki ukue ukidhani maneno mazuri hayana damu.

"Na" ile huvunjika. Mara ya kwanza katika nchi hii ilivunjwa na mtu mwenye bunduki. Pugu iliteketezwa Januari 1889, wakati wa vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Watawa watatu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Aliyeletwa na Wajerumani kuizima vita ile ni Hermann von Wissmann. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1890 huyu Wissmann akaingia katika mabishano ya hadharani huko kwao na mwanazuoni wa misheni wa Kiprotestanti, Gustav Warneck. Wissmann aliwasifu wamisionari Wakatoliki, na sifa yake ilikuwa hii: wao wameyageuza maneno, kwa Mwafrika wanaanza na labora ndipo ora. Kazi kwanza. Tafakari hilo. Mwanajeshi ameisoma kaulimbiu ya wamonaki akaona ndani yake njia ya kupata vibarua.

Kazi ikatangulizwa kweli. Miaka kumi na mitano baadaye wazee wetu wa kusini walikuwa wanalimishwa pamba ya serikali chini ya akida na kiboko. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete wakang'oa miche ya pamba, na vita ya Majimaji ikawaka. Waliokuwa wamevumilia kazi isiyo na utu hawakukaa kuchambua ni Mjerumani yupi wa kiboko na yupi wa rozari. Askofu Cassian Spiss, aliyeianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa Agosti akiwa safarini upande wa Liwale, yeye na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata Peramiho ikachomwa. Kisha Wajerumani wakalipiza kwa risasi na kwa njaa, na tarehe 27 Februari 1906 wakawanyonga Songea makumi ya wakuu wa Wangoni. Padri Mbenedikti alikuwa ameingia gerezani kuwabatiza baadhi yao kabla ya kitanzi. Kaburi lao la halaiki lipo pale kwenye Makumbusho ya Majimaji. Nitakupeleka. Ukisimama pale utaelewa kwa nini bibi zetu walisita kuwapa watoto wao kwa watu wanaosema sala na kazi. Walikuwa wameiona kazi. Sala waliiona imefika na kamba.

Watawa walirudi, wakajenga upya. Zikaota karakana, hospitali, mitambo ya uchapaji, shule za ufundi, kule Peramiho na kule Ndanda. Leo Hanga, karibu na Songea, wamonaki ni wana wa nchi hii, wanaamka alfajiri kuimba zaburi kisha wanashika majembe yao wenyewe. Hiyo ndiyo tofauti niliyotaka uione: jembe analolishika anayekuamuru kulishika, na jembe analokushikisha yeye akiwa kivulini.

Nikisema hivyo nikaishia kwa Wajerumani nitakuwa mwongo. Na mimi niliivunja.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye naye aliwahi kufundisha palepale Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, aliandika Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe jumuiya inayozalisha, mwanafunzi asome na alime, asije akatoka na cheti akamdharau mama yake mwenye mkono wenye sugu. Ilikuwa "na" nyingine, ya Kitanzania. Sisi walimu vijana tuliipokea kwa nyimbo. Kisha tukaiharibu kwa uvivu wetu. Shamba la shule tukaligeuza mahabusu. Umechelewa? Matuta mawili. Umeongea Kimakonde au Kingoni darasani? Matuta manne. Wenye tabia njema wakawa wanapumzika, wakosaji wanalima, na mtoto gani asingejifunza hapo kwamba kulima ni adhabu?

Asubuhi moja kijana wa darasa langu hakuja kwenye sala. Alikuwa mpole, mwembamba, hana kelele. Sikumuuliza sababu. Nikampa sururu na jembe, nikamwonyesha kisiki cha mwembe nyuma ya choo, nikasema kiondoke. Alikichimba siku mbili. Siku ya pili jioni akaniletea vyombo, ameviosha, akavisimamisha mlangoni kwangu, akasema, "Nimemaliza, mwalimu," akaenda. Basi. Shimo likabaki. Mvua za masika zikalijaza maji, vyura wakahamia. Kwa muhula mzima nililipita nikienda darasani, na kila nikilipita nikawa naona nilichofanya: kwa kosa la sala nimemlipisha kazi. Kwa tendo moja nimemfundisha kuzichukia zote mbili. Nilikuwa na kaulimbiu kifuani na "na" yake nimeifukia kwenye lile shimo.

Bruda alikaa nami akanoa. Mimi sikukaa naye.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, kama walimu wenu wanawapa fyekeo kwa hasira, ukisema linanuka adhabu sitakukatalia. Nimemwambia hivyo mwalimu wako wa nidhamu ulipotoka nje, kwa adabu, kama mstaafu kwa kijana wake. Alinisikiliza. Labda atalitafakari, labda hatalitafakari.

Lakini na wewe una upande wako. Uliniambia njiani kwamba mnakesha kuombea mtihani, kwamba kuna mtu huja kuwaombea kalamu. Mimi sikatazi maombi, nimeyaishi. Ila sikia. Uganda kuna shule ya Namilyango, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Mill Hill mwaka 1902, na kaulimbiu yake ni Nisi Dominus, maneno ya Kilatini yanayoifungua Zaburi ya 127. Zaburi hiyo inafundisha kwamba Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wanahangaika bure. Haifundishi kwamba wajenzi waende wakalale. Inawataka wajenge wakijua nani anajenga nao. Kalamu inayoombewa huku daftari halijafunguliwa ni mpini usio na chuma. Chuma kimezama, na wewe huendi hata ukingoni kutazama. Mhenga alishasema achanikaye kwenye mpini hafi njaa, hakusema anayeutazama.

Unapoacha kujisomea ukasema ulikuwa kwenye maombi, umemfanya Mungu kuwa cheti cha daktari. Na unapolitupa fyekeo ukasema ada imelipwa, umemfanya mtu mwingine awe fyekeo lako. Nani atafyeka? Majani yale hayajui kwamba baba yako amelipa. Nyoka naye hajui.

Sasa tazama nyuma ya mlango. Kile kilichofungwa gazeti ni fyekeo lako. Mwalimu alitaka kulitia stoo, nikamwomba. Limelala kwenye majani siku tano, na mvua ya Jumapili imelikuta. Nimelipakata kwenye basi kama mtoto, kondakta ananitazama kama mzee mwenye nia mbaya.

Kesho, jogoo wa pili, tutaamka wewe na mimi. Tutasali pale chini ya mwembe, kwa ufupi, maana Mungu anajua magoti yangu. Kisha ulilolitupa tutalitia tupa. Wewe utakuwa na fyekeo, mimi nina panga langu la kukatia migomba. Halina kosa lolote, lakini nitalinoa. Jua likipanda utafungua hesabu zako, uanze kwenye ukurasa wa kwanza wa zile ulizozikimbia, nami nitakaa karibu na gazeti langu, nikuone kama unasinzia. Ndivyo itakavyokuwa wiki nzima. Sikuadhibu. Nafanya leo nilichotakiwa kufanya na yule kijana wa kisiki.

Na wiki ikiisha utarudi shuleni peke yako. Nauli yangu imekwisha. Ukifika langoni usiingie mbio. Msalimie yule mlinzi, kaa kwenye benchi lake dakika tano, umweleze kwamba Ora na Labora hawakuwa masista. Mweleze na lile neno la katikati. Usimcheke. Akikuuliza umejuaje, mwonyeshe fyekeo.

Haya, ugali umeiva, nasikia bibi yako anagonga mwiko. Lete maji tunawe. Anza na mimi.